Shati la Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa mtu wa Jumapili. Siku nyingine zote alikuwa wa misheni: wa kengele, wa sala, wa kusoma herufi kwa sauti, wa kubeba udongo wa matofali mchana kutwa. Jumapili baada ya misa, kama mwalimu hakuwa na neno, aliachiwa, na sisi huku Maposeni tulikuwa tumeshakaza macho njiani. Jua likianza tu kuinama, anaaga. Ukitoa mwendo wa kuja na wa kurudi, tulimpata kwa muda wa kupika chungu kimoja cha mlenda na kukimaliza.

Nayasema haya kwa sababu mjukuu wangu anayesoma mjini, anayekaa Msamala, kila akiulizwa anasema masomo yamembana, hana nafasi ya kuja. Simkatalii. Masomo yanabana, nimeyaona kwa macho yangu yanavyobana. Lakini asidhani yeye ndiye wa kwanza kuvutwa huku na huku. Aje akae nimweleze, akiipata hiyo nafasi.

Ilikuwa baada ya vita vya Maji Maji. Mimi nilikuwa msichana wa kutumwa maji na kuni. Baba yetu alinyongwa bomani Songea pamoja na wenzake, na Wajerumani wakawafukia kwa pamoja. Hatukupewa mwili, hatukupewa hata nguo aliyokuwa amevaa. Aliyaamini yale maji kama walivyoyaamini wenzake, na sitaki kumsikia mtu wa leo anamcheka. Anayemcheka hakuliona shamba likichomwa na ulezi ukiungua ghalani. Njaa iliyofuata ilitufundisha kula mizizi ambayo hata nguruwe pori huikataa.

Mama ndiye aliyempeleka kaka misheni, hakulazimishwa na mtu. Misheni kulikuwa na chakula, hilo la kwanza. La pili, alitaka mtoto wake ajue wanachosemezana hao watu waliomuua baba yake. Alimkabidhi kwa mwalimu, mtu wa pwani mwenye fimbo, akageuka akarudi zake bila kuangalia nyuma. Alilia alipofika nyumbani.

Jumapili alizokuja, kaka hakuja peke yake. Alikuwa na rafiki yake, kijana wa Kiyao kutoka upande wa Tunduru, ambaye kwao kulikuwa mbali mno kwa safari ya Jumapili. Basi kwetu kukawa kwao. Alikuwa Mwislamu, na mapadri walijua. Alitaka herufi tu, nao walitaka mikono yake kwenye tanuri la matofali. Wakifika, kila mmoja alitoa kipande cha ugali alichokibana kwenye jani tangu jana yake. Ugali umekauka, una alama za vidole, na sisi tuliula kama sikukuu.

Kutoka pwani, kupitia kwa mwalimu, kaka alituletea pia shikamoo. Siku ya kwanza kumwamkia hivyo bibi yetu, mama yake baba, bibi alimtazama sana, akauliza maana yake. Akaambiwa ni kumshika mtu miguu kwa heshima. Bibi akamwambia aiachie miguu yake, ashike jembe. Tulicheka mpaka rafiki yake akakohoa, na tangu siku hiyo kaka akifika alimwamkia bibi huku jembe liko begani, makusudi.

Lakini mara nyingi kaka alikuwa amechoka. Mama alikuwa na maneno ya wiki nzima ya kumwambia, na yeye anaitikia ndiyo, ndiyo, huku kope zinashuka. Rafiki yake ndiye aliyemjibia. Mama akiuliza kama wanapigwa, Myao anasema kidogo. Akiuliza kama kaka anajua kusoma sasa, Myao anasema anawashinda wote. Mama alimfunika kaka kipande cha nguo ya gome la mti, akaendelea kuzungumza na huyo mwingine kwa sauti ndogo. Mimi nilikasirika. Nilitaka kaka aamke aone nilivyojifunza kusuka kikapu. Mama alinifinya nikanyamaza.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinatusumbua kweli, maana njaa kila mtu alikuwa nayo.

Kichwani mama alifunga utepe wa gome la mti, utepe wa msiba. Mjane wa kwetu alifungwa utepe huo siku alipofiwa, akakaa nao mpaka msiba umalizwe. Akiwa nao haingii ngomani, hali chungu kimoja na watu wengine, hafanyi lolote bila kuruhusiwa. Siku ya kuumaliza, ndugu wanakusanyika, pombe ya ulezi inamwagwa chini kwa marehemu, na utepe unakatwa. Na mkono unaokata ndio unaobeba nyumba. Akikata mtoto wa kiume wa kwanza, mjane anakaa kwa mtoto wake, basi. Akikata ndugu wa marehemu, amemrithi, ni mke wake.

Baba mdogo alitaka kukata.

Sitamsema vibaya kupita kiasi, njaa ilipotubana alitupa mihogo. Lakini mke aliyekuwa naye alitembea amekunja mkono mmoja kifuani maisha yake yote, na kila mtu alijua nani aliuvunja. Tena alishatangaza mipango yake. Kaka angetolewa misheni aje alime, maana kusoma ni uvivu wa kukaa kitako. Mimi alishanitafutia mume, mzee wa makamo yake, mwenye mbuzi. Mama alisikia yote hayo na hakujibu, kwa kuwa mwenye utepe hajibizani. Alipobaki na sisi tu alisema angekubali kurudi kula mizizi kuliko kuingia nyumba ile.

Kwa hiyo kaka lazima akate yeye, na siku yake ni moja tu. Ruhusa asingepewa: mwalimu alikuwa ameshawaambia kwamba mtu asije kumwomba nafasi kwa ajili ya matambiko ya kishenzi. Ikabidi pombe iive Jumapili. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Ulezi unaloweka, unauacha uchipue, unauanika, unasaga, unapika, unaacha uchachuke. Unajua siku unayoanza na unajua siku utakayokunywa, na ikishaiva haikusubiri. Na ulezi wenyewe ulikuwa wa mbegu, mama aliuficha akila majani ya maboga ili usiguswe.

Sisi hatukuwa tunahesabu wiki. Tulihesabu mwezi, na palizi, na mavuno. Jumapili tuliijua kwa sikio. Siku za kawaida kengele ya misheni ilipigwa kidogo ikanyamaza. Jumapili ililia kwa muda mrefu, na upepo ukiwa wa upande wetu ilifika mpaka kwenye kisima. Mama, bibi na kaka wakapatana hivi: baada ya mwezi kupevuka, kengele ndefu ya kwanza watakayoisikia, waloweke ulezi, na wahesabu kutoka hapo ili pombe iive siku ya kengele ndefu inayofuata. Kaka akasema sawa. Msomi mzima akasema sawa!

Kengele ililia. Ndefu, nzuri, upepo unaileta. Bibi akaloweka ulezi asubuhi ile ile.

Ilikuwa sikukuu. Wakatoliki wana sikukuu zinazoangukia katikati ya wiki, na siku hizo kengele hulia vile vile kama Jumapili. Leo kila mtoto wa Maposeni anajua hilo, siku hizo nani angejua? Jumapili yenyewe ilipofika upepo ulikuwa umegeuka, hatukusikia kitu, na kaka hakuja, kwa kuwa misheni ilikuwa inafagiliwa na kupakwa chokaa kumngojea mgeni mkubwa. Tukadhani ni siku tu kama siku nyingine. Pombe ikaendelea na mambo yake.

Ikaiva. Bibi akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndugu walikuwa wameshapelekewa habari, wakafika alfajiri, wengine kutoka mbali nyuma ya milima ya Matogoro. Wakakaa uani. Tukasubiri kengele, na kengele ikalia kidogo ikanyamaza.

Nilimwona mama uso wake ukibadilika. Bibi aliniangalia, mimi nikamwangalia bibi. Baba mdogo hakuwa mjinga. Akasema wageni hawarudishwi na pombe hairudishwi chunguni. Kama mtoto wa kwanza hayupo, mdogo wa marehemu yupo, na wembe anao. Wazee wakaitikia kwamba ni haki. Bibi akasimama taratibu sana, akadai kwamba kabla ya yote lazima amwage ya kwanza pale lilipokuwa zizi la marehemu mume wake, na kwamba mguu unamuuma, atakwenda polepole. Aliponipita akanibana bega. Sikuhitaji kuambiwa.

Nilikimbia. Njia ya misheni naijua mpaka leo, kila kichuguu. Nilikuwa na kipande cha gome kiunoni na baridi ya kiangazi inauma masikio, lakini nilifika nimelowa jasho. Nikajificha nyuma ya tanuri la matofali, nikamkuta Myao anachochea kuni. Nikamweleza huku natweta. Akaacha kuni zake, akaenda kumwita kaka.

Uwanjani wanafunzi walikuwa wamepangwa mstari. Mgeni alikuwa ameshafika, Mzungu mzee mwenye ndevu, ameketi kivulini, na mwalimu ana fimbo mkononi. Kumbe siku hiyo ndiyo alikuwa anawachagua watakaokwenda kusomea ualimu. Wanaitwa mmoja mmoja, wanasoma, wanaulizwa. Kaka alichomoka kwenye mstari akajifanya anakwenda kujisaidia. Alipotuona, na kusikia nilichosema, alijishika kichwa.

"Jumapili," akasema. "Tulipatana Jumapili."

Nikamwambia habari ya kengele. Akaelewa papo hapo ilikuwa ipi, nikaona macho yake yakijaa. Alisema zamu yake bado kidogo tu ifike. Akiondoka na mimi anafukuzwa leo leo, na akifukuzwa, baba mdogo amepata alichokitaka hata kama utepe ameukata kaka: bila chakula cha misheni atalima kwake, na mimi nitaolewa. Akibaki, mama amekwenda. Alizunguka pale nyuma ya tanuri kama mbwa aliyefungwa. Mimi nililia. Nilimwambia namchukia yeye na misheni yake, na nilikuwa namaanisha.

Mwalimu akaita jina lake uwanjani. Kaka akasimama. Kisha akavua shati.

Lilikuwa shati la kitambaa cha marekani, la misheni, kila mwanafunzi alipewa moja tu, na la kwake lilikuwa na kiraka cha bluu chini ya kwapa. Akanivalisha mwenyewe, likanifika miguuni.

"Mpe bibi," akasema. "Mwambie nimekuja."

 Myao alivua la kwake akamtupia, akarudi kwenye moto wake kifua wazi. Nilipogeuka mara ya mwisho kaka alikuwa anakimbilia uwanjani huku anafunga vifungo vya shati la mtu mwingine.

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa amemaliza ujanja wake wote wa kuchelewa. Mama alikuwa amekalishwa kwenye mkeka, baba mdogo amechuchumaa nyuma yake na wembe. Wote waligeuka wakaniona ninavyoburuta lile shati. Nilimwambia bibi nilivyoagizwa, neno kwa neno. Baba mdogo akacheka, na watu wachache wakacheka pamoja naye. Akasema nguo haikati utepe.

Bibi alinivua lile shati. Akalishika mbele yake, akalinusa kwapani, mbele ya watu, kama anavyonuswa mtoto. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Baba yako alipofia ng'ambo ya Ruvuma waliniletea nini?"

Baba mdogo akaugeuza wembe mkononi.

"Waliniletea ngao," bibi akasema. "Nikaizika, na wewe ukanyolewa nywele kwa ajili yake. Ulidhani tulizika ngozi ya ng'ombe? Kama nguo si mtu, basi baba yako hajazikwa. Sema hapa, wasikie."

Nani angesema? Wazee wale wale walioitikia haki ya baba mdogo walianza kukohoa na kutazama chini, kwa kuwa kila ukoo pale ulikuwa na ngao yake iliyozikwa, au mkuki, au mkanda. Bibi hakungoja zaidi. Aliingiza mkono wake mwembamba ndani ya mkono wa shati, vidole vikatokeza kwenye pindo, akamnyooshea baba mdogo ampe wembe. Akampa.

"Mkono ni wa mjukuu wangu," bibi akasema. "Mimi nimeuazima tu."

Utepe ulikatika kwa mara moja. Ulikuwa umekaa sana mpaka umeacha alama kwenye paji la mama, na alama ile haikufutika. Mama aliinamisha kichwa, akalia kwa sauti, kilio alichokuwa nacho tangu siku ya boma. Baba mdogo aliondoka kwa hasira, akakaa kidogo, akarudi. Pombe ilikuwa nzuri.

Jumapili, ile ya kweli, walikuja wote wawili. Kaka alikuwa amechaguliwa. Alisoma vizuri mbele ya mgeni, akaulizwa akajibu. Myao hakuchaguliwa, hakuulizwa hata swali. Mwalimu alimwambia asithubutu kusimama mbele ya mgeni akiwa uchi. Na kaka mwenyewe alikiri kwamba yule alimzidi kwa hesabu. Siku hiyo mama alimpakulia Myao kwanza, kabla ya mwanawe, na kumwita mwanangu. Kaka alitazama ugali wake hakuula.

Shati la kaka halikurudi misheni. Walimpa jingine, baada ya fimbo. Mama aliliweka kwenye kikapu juu ya moto, pamoja na mbegu, ili wadudu wasiliguse. Mwezi wa Juni baridi ikija nililiomba, nikalia, nikauliza nguo nzima inaliwa na moshi kwa nini na mimi natetemeka. Mama alisema niliache, si langu. Nilimwona mchoyo, Mungu anisikie.

Kaka akaenda kusomea ualimu mbali. Jumapili zikaisha. Alikuja wakati wa mavuno, mwaka mwingine hakuja, akawa anatuma salamu kwa wapita njia: nina kazi, wanafunzi ni wengi, nitakuja. Alipokuja alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na bado alimwamkia bibi na jembe begani. Bibi alikufa mwaka ambao kaka hakuja. Mama hakumlaumu hata siku moja. Mimi nilimlaumu, na nilimwambia, akacheka akasema akistaafu nitamchoka.

Kisha Wajerumani na Waingereza wakapigana, na walimu wakachukuliwa kama watu wengine. Wengine walibeba mizigo. Kaka, kwa kuwa anajua kusoma, alisimamia wabebaji. Myao alikuwa katika wabebaji hao. Vita vilipokwisha aliyerudi ni Myao. Alifika kwetu Maposeni akiwa mifupa mitupu, akakaa chini mlangoni, hakuingia. Alituambia ni kuhara, huko kusini, wakivuka maji, na kwamba yeye mwenyewe alimfunika kwa mawe, hakuwa na jembe. Kisha akaonyesha viganja vyake.

"Sikuweza kukuletea kitu, mama," akasema. "Hata nguo. Walizichukua."

Mama hakupiga kelele. Aliinuka, akasimama kwenye kigoda, akashusha kikapu.

Lilikuwa limekuwa jeusi kwa moshi, ila kiraka cha bluu kilionekana. Myao alipoliona alifunika uso. Mama alikaa nalo mapajani akilikunjua na kulikunja, mikono kwanza, kisha ukosi, na mimi nikakaa karibu yake, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini nililala na baridi miaka ile yote. Wa baba yetu hawakutupatia chochote cha kuzika. Huyu, mama alimwekea akiba.

Tulichimba kaburi la kimo chake, si la kimo cha shati. Mama hakutaka libanwe. Watu walisema tuzike siku ile ile. Mama alikataa. Alimwomba Myao atuhesabie siku kwa vidole, vizuri, asiamini kengele, na tukangoja. Tulimzika Jumapili baada ya misa, saa ambazo alikuwa akifika.